Namba ya RF haipimi maumivu ya leo

Ukipita kwenye makundi ya WhatsApp ya wagonjwa wa baridi yabisi, hutakaa sana kabla ya kuona picha ya karatasi ya maabara yenye kipimo cha RF (rheumatoid factor), kingamwili inayohusishwa na ugonjwa huo. RF 312, imezungushiwa wino mwekundu. Zinafuata pole, dua, na ushauri wa tangawizi na manjano. Mwenye RF 38 anamshukuru Mungu kimoyomoyo, ingawa huenda ndiye anayeamka vidole vimekaza hata kifungo cha shati kinamshinda. Na yule ambaye karatasi yake imeandikwa "hasi" anauliza swali ambalo hakuna anayelijibu vizuri: kama sina ugonjwa, mbona viganja vimevimba?

Tumezoea kuisoma RF kama tunavyosoma sukari au presha. Ikipanda umezidiwa, ikishuka umepata nafuu. Usomaji huo si sahihi, na unawagharimu wagonjwa fedha na viungo. Wingi wa kingamwili kwenye damu unasema mengi juu ya aina ya ugonjwa ulio nao na unakoweza kukufikisha miaka kumi ijayo. Juu ya ukali wake wiki hii, hausemi karibu chochote.

Kipimo chenyewe ni cha zamani. Mwaka 1940 Erik Waaler wa Norway aliona kwamba damu ya baadhi ya wagonjwa hugandanisha chembe nyekundu za kondoo zilizopakwa kingamwili za sungura. Mwaka 1948 Harry Rose na wenzake wakafika hapohapo kule Marekani, na kwa miaka mingi kipimo kikaitwa Waaler-Rose. Kilichokuwa kikigandanisha ni RF, yaani kingamwili inayoshika kingamwili nyingine za mtu yuleyule. Hupatikana kwa takriban wagonjwa 70 hadi 80 katika kila 100. Lakini RF si mali ya baridi yabisi peke yake. Mwili huitengeneza pia pale kinga inapofanyishwa kazi nzito kwa muda mrefu, kwa sababu yoyote ile.

Kingamwili ya pili, ambayo kwenye karatasi huandikwa anti-CCP, ilipata maelezo yake mwaka 1998 katika mji wa Nijmegen, Uholanzi, kwenye maabara ya Walther van Venrooij. Waligundua kwamba kinachoshambuliwa ni protini za mwili zilizobadilishwa kidogo: tofali moja la protini, ajinini, limegeuzwa na vimeng'enya kuwa sitrulini. Mabadiliko hayo hutokea kwa kila mtu, hasa penye uvimbe. Tatizo linaanza kinga inapoyachukulia kama adui. Moshi wa sigara huyachochea kwenye mapafu, na bakteria mmoja wa ufizi uliooza ana kimeng'enya chake mwenyewe cha kufanya kazi hiyohiyo. Anti-CCP haiwanasi wagonjwa wengi kuliko RF, lakini ni nadra zaidi kuikuta kwa mtu asiye na ugonjwa huu.

Sasa, namba inasema nini kweli?

Inasema juu ya kesho. Mtu mwenye anti-CCP nyingi, hasa ikiandamana na RF nyingi, ana uwezekano mkubwa zaidi wa mifupa yake kumomonyoka kwenye maungio. Ndiye pia aliye kwenye hatari zaidi ya vinundu chini ya ngozi ya viwiko, mapafu yenye makovu na, mara chache, mishipa ya damu iliyovimba. Mwaka 2012 watafiti wa Erlangen, Ujerumani, walionyesha maabara kwamba kingamwili hizi zinaweza kuzisukuma seli zinazokula mfupa zifanye kazi kupita kiasi. Kwa hiyo anayesema "kingamwili hazina maana" naye anapotoka.

Inasema pia juu ya jana. Mwaka 2004 Waholanzi walirudi kwenye jokofu za benki ya damu na kutafuta damu iliyotolewa zamani na watu 79 waliokuja kuugua baridi yabisi. Karibu nusu yao walikuwa tayari na RF au anti-CCP kabla ya kiungo chochote kuuma. Kwa wastani miaka minne na nusu kabla, na kwa wengine zaidi ya miaka kumi. Wazia hilo. Mtu anatembea na anti-CCP kwenye damu, anabeba ndoo, anacheza mpira, hana hata kidole kinachomuuma. Kama wingi wa kingamwili ungekuwa kipimo cha ukali, watu hao wangekuwa kitandani.

Sababu ya kibayolojia haina utata. CRP, protini ya ini inayopanda penye uvimbe, hupungua kwa nusu ndani ya saa 19 hivi chanzo kikizimwa, kwa hiyo inafuata hali ya mgonjwa kwa siku chache tu. Kingamwili za aina ya IgG, na anti-CCP tunayopima ni ya aina hiyo, huchukua takriban wiki tatu kupungua kwa nusu hata kama hakuna mpya inayotengenezwa. Na mpya hutengenezwa. Seli za plazma zinazozitoa zinaweza kukaa kwenye uboho kwa miaka mingi zikifanya kazi ileile bila kujali kama goti limevimba au limepoa. Rituximab inalionyesha hili vizuri. Dawa hiyo inafyeka seli B, yaani seli za kinga zinazozaa seli za plazma, lakini haizigusi seli za plazma zenyewe. Mgonjwa anaweza kupata nafuu kubwa, akarudi kazini, na anti-CCP ikabaki juu. RF hushuka zaidi kwa matibabu, na ndiyo maana wengi wanadhani inafuatilia ugonjwa, lakini nayo huchelewa na mara nyingi haifiki sifuri. Kujua kwamba tuko masika hakukuambii kama leo asubuhi utoke na mwavuli.

Hapo ndipo ninapogombana na mtindo wa kuandikiwa RF kila mahudhurio. Mgonjwa anatoa damu, analipa, anasubiri, anapewa namba iliyotoka 180 kwenda 210, na usiku halali. Mabadiliko hayo yanaweza kuwa ni mashine tu. Maabara hazitumii kipimo kimoja wala kikomo kimoja: kwingine RF ya kawaida huishia 14, kwingine 20, na kadi za lateksi zinazotumika sana kwenye maabara ndogo hazitoi namba ya aina hiyo kabisa, bali "chanya" au "hasi", pengine na kiasi damu ilivyozimuliwa. Kulinganisha RF ya maabara ya Kariakoo na ya hospitali ya rufaa ni kazi bure. Anti-CCP ina tatizo hilohilo la mashine. Ukishaipata mara moja, kwa kipimo cha kuaminika, na ikawa juu, kuirudia kila baada ya miezi mitatu hakukupi habari mpya.

Kuna mtego mwingine ambao hata wataalamu huuangukia. Tafiti ndogo za hospitali mbalimbali huchukua wagonjwa themanini au mia, zikapima anti-CCP, zikapima ukali wa ugonjwa siku hiyohiyo, kisha zikatafuta uhusiano. Nyingine huupata, hafifu, nyingine haziupati. Halafu zinatupiana lawama juu ya ukubwa wa sampuli. Mara nyingi tatizo liko mlangoni, kwenye namna wagonjwa walivyoruhusiwa kuingia utafitini.

Tangu 2010 watafiti wengi hutumia vigezo vya vyama vya madaktari wa viungo vya Marekani na Ulaya. Ni mfumo wa pointi 10, na unahitaji 6 ili uhesabiwe kuwa una baridi yabisi. Kingamwili zikizidi mara tatu ya kikomo cha kawaida unapewa pointi 3, zikiwa juu kidogo, 2, zikikosekana, 0. ESR (kasi ya chembe nyekundu kutuama, kipimo kingine cha uvimbe) au CRP ikipanda unapata 1. Dalili zikifikisha wiki sita unapata 1. Zinazobaki zinatoka kwenye idadi ya viungo: viungo vidogo kimoja hadi vitatu ni pointi 2, vinne hadi kumi ni 3, zaidi ya kumi ni 5.

Fanya hesabu. Mama mwenye anti-CCP ya juu sana na kidole kimoja kilichovimba kwa wiki saba: 3, jumlisha 2, jumlisha 1. Sita, ameingia. Mwenzake hana kingamwili, lakini ana viungo vidogo tisa vilivyovimba, ESR iko juu, na amekuwa hivyo kwa miezi minne: 0, jumlisha 3, jumlisha 1, jumlisha 1. Tano. Amebaki nje. Ili aingie bila kingamwili lazima viungo vizidi kumi, isipokuwa kama picha ya X-ray tayari inaonyesha mmomonyoko wa aina inayojulikana kuwa ya ugonjwa huu.

Matokeo yake yalionekana wazi Norway. Wagonjwa wapya wa utafiti wa ARCTIC, ambao hawajaanza dawa, walilinganishwa mwaka 2017: wasio na kingamwili walikuwa na viungo vingi zaidi vilivyovimba na uvimbe mwingi zaidi kwenye ultrasound kuliko wenye kingamwili. Ukiyasoma matokeo hayo haraka utasema kingamwili zinamlinda mtu. Hazimlindi. Mlango wenyewe ulikuwa mpana kwa mmoja na mwembamba kwa mwingine, kwa hiyo asiye na kingamwili aliyefanikiwa kupita alilazimika kuwa hoi kwanza. Vigezo hivyo vilitungwa kwa ajili ya kupanga watu kwenye tafiti. Kuvifanya kuwa hakimu wa nani apewe dawa chumba cha daktari ni kuvitwisha mzigo usio wao.

Na sisi huku tuna mlango wetu, mbaya zaidi kuliko huo, nao ni kadi ya RF. Chanya: una baridi yabisi. Hasi: huna, nenda kachue na mafuta.

Chukua watu 1,000 wa mtaani. Makadirio ya kawaida ya dunia ni kwamba baridi yabisi haizidi mtu 1 katika kila 100, basi tuseme wagonjwa ni 10. RF itawanasa 7. Waliobaki ni 990 wasio na ugonjwa, na hata kikomo kikiwekwa vizuri, asilimia 5 yao watakuwa chanya: karibu watu 50. Una karatasi 57 zenye neno "chanya", na 7 tu ndizo za wagonjwa. Hiyo ni hesabu ya mahali pasipo na malaria. Malaria huinua RF. Kifua kikuu huinua RF, na anti-CCP pia kwa baadhi ya wagonjwa. Homa ya ini aina ya C, kaswende, ukoma, maambukizi ya vali za moyo, umri mkubwa, vyote vimo. Mwaka 1968 Brian Greenwood, aliyekuwa akifanya kazi Nigeria, aliandika kwamba baridi yabisi ilikuwa adimu kwa wagonjwa aliowaona huko na akahisi vimelea vina mkono wake katika uhaba huo. Nadharia yake inajadiliwa mpaka leo. Somo la vitendo halina mjadala: kadi iliyokadiriwa kwa damu ya Oslo haisomeki vilevile Ifakara au Kisumu.

Kisha kuna chikungunya, homa ya virusi inayoenezwa na mbu, ambayo ulimwengu uliifahamu kutokana na mlipuko wa 1952 kusini mwa Tanganyika na ambayo ilizipiga vibaya Lamu na Mombasa mwaka 2004. Inaacha viungo vikiuma na kuvimba kwa miezi, mikono yote miwili, asubuhi vimekaza, kwa picha inayofanana mno na baridi yabisi. Mtu wa pwani aliyepata homa kali wiki tatu zilizopita na ambaye RF yake ni chanya kidogo anaweza kuanzishiwa dawa za miaka mingi kwa ugonjwa ambao ungemwachia wenyewe. Swali la "ulikuwa na homa lini?" halina gharama, na hapo linazidi kadi kwa thamani.

Ninayemhurumia zaidi, hata hivyo, ni yule wa "hasi". Wagonjwa karibu 20 hadi 30 katika kila 100 hawana RF, na wengi wao hawana anti-CCP pia. Wana ugonjwa kamili. Wanapata diclofenac ya maumivu, kisha prednisolone, ambayo ni steroidi, mara nyingi ya kununua wenyewe dukani kwa sababu inafanya kazi haraka na haina maswali. Uvimbe unashuka, uso unajaa, sukari inapanda, mifupa inapungua nguvu, na miaka miwili baadaye anafika kwa bingwa vidole vimeshapinda. Hakuna karatasi iliyosema uongo. RF ilikuwa hasi kweli. Kosa ni la waliofunga faili baada ya kuisoma.

Ukali wa baridi yabisi hupimwa kwa mikono. Kipimo kinachotumika zaidi, DAS28, huhesabu viungo 28: mabega, viwiko, vifundo vya mikono, vidole vya mikono na magoti. Vingapi vinauma vikibonyezwa, vingapi vimevimba, mgonjwa mwenyewe anajipa alama ngapi, halafu ESR au CRP. Chini ya 2.6 ugonjwa umetulia. Zaidi ya 5.1 umewaka. Kingamwili hazimo kwenye hesabu hiyo hata kidogo, na walioitunga hawakuzisahau. Tabibu aliyefundishwa anaweza kuifanya kwa dakika chache, na asipokuwa na maabara kabisa bado anaweza kuhesabu viungo na kuuliza ukakamavu wa asubuhi unachukua muda gani kuachia.

Ukitaka kuona hesabu ya vidole ilivyo na nguvu, angalia Glasgow. Mwaka 2004 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa TICORA: wagonjwa 110, miezi 18. Nusu walipata huduma ya kawaida ya kliniki. Nusu walionwa kila mwezi, viungo vikahesabiwa kila mara, na namba ikiwa bado juu dawa ziliongezwa papo hapo kwa utaratibu uliopangwa. Dawa zilikuwa zile za zamani na rahisi, methotrexate na wenzake, pamoja na sindano za steroidi kwenye kiungo kilichovimba. Hakuna dawa ya kibayolojia. Waliotulizwa ugonjwa kabisa walikuwa asilimia 65 upande wa kila mwezi na asilimia 16 upande wa kawaida, na gharama kwa jumla haikuzidi. Kilichotofautisha makundi hayo ni mtu kuhesabu na kuchukua hatua. Methotrexate iko kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani na ni bei nafuu kuliko mlolongo wa vipimo tunavyorudia bila sababu. (Hunywewa mara moja kwa wiki, si kila siku, kosa hilo limeua watu, na haifai kwa mjamzito. Damu na ini vifuatiliwe. Hapo ndipo pesa ya maabara inapofanya kazi.)

Nitajibiwa kwamba bingwa anaihitaji namba ili kuchagua dawa. Ni kweli. Rituximab huwafaa zaidi wenye kingamwili, na mtu mwenye anti-CCP nyingi tangu mwanzo anastahili kufuatiliwa kwa ukaribu zaidi na kuongezewa dawa mapema, kwa sababu mifupa yake haina muda wa kusubiri. Hiyo ni sababu ya kupima vizuri mara moja, RF na anti-CCP pamoja, kabla au mwanzoni mwa matibabu, na kuandika kwenye faili kiasi chenyewe na mara ngapi kimezidi kikomo cha maabara hiyo. Haijawa sababu ya kurudia kila mwezi.

Mahali ambapo wingi wa kingamwili umeanza kuwa na uzito wa aina mpya ni kabla ya ugonjwa, na hapo mambo hayajawa mepesi. Mwaka 2024 ulichapishwa utafiti wa APIPPRA wa Uingereza na Uholanzi, uliowapa abatacept, dawa ya kibayolojia inayotuliza kinga, kwa mwaka mmoja watu wenye kingamwili na maumivu ya viungo, lakini bila uvimbe. Baada ya miezi 12 waliougua walikuwa asilimia 6 dhidi ya 29 kwa waliopewa dawa ya kulinganishia isiyo na kitu ndani. Baada ya miezi 24, mwaka mmoja dawa ikiwa imesimamishwa, ilikuwa 25 dhidi ya 37. Dawa iliahirisha zaidi kuliko ilivyozuia. Miaka miwili kabla ya hapo, watafiti wa Leiden, Uholanzi, walikuwa wamechapisha jaribio la methotrexate ya mwaka mmoja kwa watu wenye maumivu na dalili za uvimbe kwenye MRI: maumivu na ukakamavu vilipungua, lakini idadi ya waliokuja kuugua ilikuwa karibu ileile pande zote mbili.

Kwa hiyo anayekutwa na anti-CCP juu katika uchunguzi wa afya wa kazini, hana kiungo kilichovimba, asianzishiwe dawa kwa ajili ya karatasi, na asiambiwe ana baridi yabisi. Kama anavuta sigara, aache, meno yakaguliwe. Ajue kwamba vidole vikianza kukaza asubuhi kwa zaidi ya nusu saa, au pete ikagoma kuvuka kifundo, anatakiwa kwenda hospitali wiki hiyohiyo na mikono yake ishikwe, kiungo kimoja baada ya kingine, kabla mtu yeyote hajamtuma tena maabara.